Mwongozo kamili: kupeleka kazi yako ya sanaa kwenye mashindano ya maonesho, kwa wasanii wa Tabora na Kigoma

Kila ikikaribia Agosti naulizwa maswali yaleyale na vijana wanaochora, wanaochonga, hata kina mama wa ufinyanzi: nianzie kwa nani, wanaangalia nini, fomu inajazwaje. Nimeamua niandike yote sehemu moja, ili mtu wa Urambo au Kasulu ambaye hana wa kumuuliza asome mwenyewe ajipange. Naongelea sanaa za ufundi, yaani kuchora, kuchonga, kufinyanga, kusuka, picha za kamera. Ngoma na maigizo zina utaratibu wao.

Jambo langu kubwa nalisema mapema kabisa. Kazi nyingi nzuri zinaachwa kabla jaji hajaziona, na zinaachwa kwa vitu ambavyo havihusiani na kipaji hata kidogo. Nimekaa upande ule wa meza wa kupokea kazi kwa hiyo haya nayaona kwa macho. Mtu kachora sokwe wa Gombe mpaka unatamani umshike manyoya, alafu picha haina waya wa kutundikia, au rangi bado mbichi, au imezidi saizi sentimita kumi, inarudishwa palepale. Inauma sana, maana kile kilichomkosesha kilikuwa kazi ya jioni moja tu.

Ujue kwanza mashindano yako wapi

Wengi wakisikia maonesho wanawaza Nane Nane tu. Ni kweli Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, yaani sisi Tabora na ndugu zetu wa Kigoma, inafanyika viwanja vya Ipuli hapa Tabora na kilele chake ni tarehe 8 Agosti, ila ile asili yake ni ya wakulima, wafugaji na wavuvi. So kabla hujaanza hata kununua rangi uliza: mwaka huu kuna mashindano ya sanaa yenye majaji, au ni banda la kuonesha na kuuza tu? Hivyo ni vitu viwili tofauti na maandalizi yake hayafanani. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, nao wana ofisi mikoa yote miwili na huwa wanaandaa maonesho ya wajasiriamali, watu wa vinyago, vikapu na vyungu wanaingia humo. Usisahau vyuo na shule, na siku za utamaduni za wilaya kama wilaya yako inazo.

Wa kumuona ni afisa utamaduni wa halmashauri yako. Nenda mwezi wa nne au wa tano, sio Julai wakati ofisi nzima inahangaika na mabanda na mahema. Ingia, shikamoo yako mkononi, jitambulishe kwamba mimi ni mchoraji wa Ng'ambo hapa Tabora au mchongaji wa Kibirizi kule Kigoma, na ubebe kazi moja ndogo au picha zake kwenye simu, maana mtu akishaona kazi yako anakukumbuka hata tangazo likitoka baadae. Muulize pia habari ya kusajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Baraza hili lipo kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii Tanzania Bara, na waandaaji wengine wanataka cheti chake ndo wakupokee. Usajili siku hizi unaanzia mtandaoni, afisa atakuelekeza, usingoje mpaka wiki ya mwisho.

Masharti yasome kwa kalamu

Ukipata karatasi ya masharti usiisome kama tangazo la kwenye nguzo. Kaa chini, pigia mstari kila penye namba: umri, idadi ya kazi unazoruhusiwa, ukubwa wa juu, uzito, ada, tarehe ya kupokea na tarehe ya kuchukua. Kwenye ukubwa angalia kama wanapima pamoja na fremu. Hapa ndo watu wanaangukia, wanapima kanvasi peke yake sentimita 80, fremu inaongeza kumi na mbili, mwisho wanashangaa. Angalia na kazi inatakiwa iwe ya miaka ya karibuni au yoyote, mashindano mengi hayataki kazi ya zamani wala iliyowahi kushinda hapohapo.

Alafu kuna suala la kundi, na hapa nataka tukae kidogo. Makundi kwa kawaida yanagawanywa kwa malighafi (rangi ya mafuta, rangi ya maji, penseli na mkaa, uchongaji, picha ya kamera) na kwa mtu (mtoto, mwanafunzi, anayechora kwa kupenda, anayeishi kwa sanaa). Kama unauza kazi kila wiki pale stendi wewe unaishi kwa sanaa, usijiandikishe na wanaojifunza ukidhani utashinda kirahisi, ukijulikana unaondolewa na jina linachafuka. Kwenye malighafi chagua kundi ambalo kazi yako imekaa kamili. Mtu kapaka akriliki, juu yake kabandika vitenge na mchanga wa ziwani, alafu anaijaza kwenye kundi la akriliki, jaji ataiweka pembeni hata kama ameipenda. Hiyo inaenda kundi la malighafi mchanganyiko. Kama halipo, mpigie simu mwandaaji umuulize, usikisie.

Uliza pia wanahukumu kwa namna gani. Kuna namna mbili: moja kazi zinashindanishwa zenyewe kwa zenyewe, anapatikana wa kwanza, wa pili na wa tatu basi. Nyingine kila kazi inapimwa kwa kipimo chake, kazi tano zikiwa za daraja la kwanza zote tano zinapewa daraja la kwanza, na isipokuwepo hata moja ya kufikia hapo hakuna anayepewa. Ukilijua hili hutashangaa siku ya matokeo.

Kazi iwe yako kweli

Kuingia mtandaoni, kuchukua picha ya sokwe iliyopigwa na mtu mwingine na kuinakili mstari kwa mstari sio kazi yako, hata kama umekesha nayo. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999 na inamlinda yule mpiga picha maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Majaji nao wana simu, wanaitafuta ile picha dakika mbili wanaipata. Piga picha zako mwenyewe. Shuka Kibirizi alfajiri mitumbwi ikirudi na dagaa, nenda Ujiji, nenda stesheni ya Kigoma iliyojengwa na Wajerumani, na kama uko Tabora panda daladala mpaka Kwihara uone lile tembe alilokaa Livingstone. Una vitu vya kuchora mpaka uzeeke.

Picha za akili bandia pia zimeshaleta ugomvi. Marekani, kwenye maonesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022, bwana mmoja anaitwa Jason Allen alishinda kundi la sanaa ya kidijitali kwa picha iliyotengenezwa na programu ya Midjourney, wasanii wakaja juu dunia nzima, na mwaka uliofuata ofisi ya hakimiliki ya huko ikakataa kuisajili ile picha. Tangu hapo waandaaji wengi wanaweka sharti la kusema wazi kama umetumia programu. Kama masharti yako hayasemi kitu, wewe sema mwenyewe kwenye fomu. Ila ushauri wangu, kwa mashindano ya nyumbani peleka kazi ya mkono wako.

Kuchagua kazi ipi

Zipange kazi zako ukutani, rudi nyuma hatua kama nne tano, angalia ipi inakuita. Jaji anaanza kwa mbali, anatembea kwenye mstari wa picha nyingi, ile isiyomsimamisha hairudii. Akisimama ndo anasogea kuangalia mkono wako, kingo, vivuli, vidole. Kwa hiyo kazi inayoonekana vizuri kwa mbali na haiaibiki kwa karibu ndio ya kupeleka, sio ile iliyokuchukua muda mrefu zaidi. Waulize watu wawili watatu ambao hawakuogopi. Mama yako atakwambia zote nzuri.

Na usipeleke nyingi kwa sababu tu umeruhusiwa. Kazi dhaifu ikikaa karibu na nzuri inaipunguza.

Maandalizi ya picha, mbele na nyuma

Hapa ndo penye kazi. Kama hupati kanvasi ya dukani usisumbuke, amerikani nzito inafaa. Mwambie fundi seremala akutengenezee fremu ya ndani ya mbao kavu zilizonyooka, vuta kitambaa kuanzia katikati ya kila upande ukielekea pembeni, piga stepla nyuma. Ukigonga katikati kwa kidole kinatakiwa kilie kama ngoma. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ikikauka paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili au mitatu, kila mkono ukikauka piga msasa laini. Wa Tingatinga nao walianza kwa kutumia kilichopo: Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alichora kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta za kawaida kule Dar mpaka alipofariki mwaka 1972, na leo jina lake linajulikana dunia nzima. Jaji hakatai malighafi ya bei rahisi, anakataa iliyoandaliwa hovyo.

Kukauka sasa. Akriliki inakauka ndani ya saa moja hivi. Rangi ya mafuta ya wachoraji inaweza kuchukua wiki mbili ikiwa nyembamba, na nene inapita mwezi. Rangi ya mafuta ya mabati na milango inashikika baada ya siku moja lakini ndani bado laini, ukiifunga kwenye plastiki inanata. Agosti Tabora ni vumbi na upepo, rangi isiyokauka inakusanya vumbi lote la Ipuli na halitoki tena. Maliza kazi ya mafuta mwezi wa sita kabisa. Kazi za mkaa, penseli na rangi ya maji lazima ziwe chini ya kioo, na kioo kisiguse karatasi, weka kadi nyeupe katikati yenye dirisha ili pawe na nafasi.

Fremu iwe ya kawaida. Jaji anahukumu picha, lile fremu la dhahabu lenye maua linamsumbua macho. Mbao nyembamba nyeusi au rangi ya mti inatosha kabisa. Ukiamua kuiacha kanvasi bila fremu, basi pembeni zake zipakwe vizuri, pasionekane pini wala matone.

Geuza picha sasa. Chukua vipete viwili vya chuma vya kufunga kwa skrubu, kimoja kushoto kimoja kulia, pima theluthi moja toka juu ya fremu. Hakikisha skrubu ni fupi isitokeze mbele. Pitisha waya imara, ule wa nyuzi zilizosokotwa, zungusha kwenye kipete mara mbili, rudisha na uusokote wenyewe, ncha uifunike na selotepu isichome mikono ya wapokeaji. Waya usikaze sana wala usilegee sana. Uinue katikati kwa kidole: kona ya waya ibaki kama sentimita tano chini ya ukingo wa juu, ikipita hapo msumari utaonekana juu ya picha. Usitumie uzi wa katani, usitumie kile kibati cha meno meno kwenye picha kubwa, kinateleza picha inaanguka. Nyuma yote funika kwa karatasi ya kaki, vumbi na mende wasiingie.

Halafu lebo, nyuma kona ya chini, kwa biro isiyofutika: jina lako, jina la kazi, malighafi, urefu wa kwenda juu kwanza ndio upana, mwaka, namba ya simu, kundi. Mashindano mengine hayataki jina lionekane mbele kwa sababu majaji hawatakiwi kujua ni ya nani, soma masharti, kama ndivyo funika saini yako kwa kipande cha karatasi.

Wachongaji, hii ni yenu

Kuna baba mmoja mtu mzima alitoka Kigoma na kinyago cha mvuvi ameinua karabai, kazi nzuri kupita maelezo, hata kope za macho alizichonga. Tulikiweka mezani asubuhi. Siku ya tatu nikapita naona mstari mwembamba umeanza shingoni, jioni umeshuka mpaka kiunoni. Nikamwambia, shikamoo baba, njoo uone. Akakaa kimya muda, akapitisha kidole gumba kwenye ule ufa, akasema, marahaba mwanangu, huu mti niliukata mwezi wa nne.

Mti mbichi unakauka nje haraka kuliko ndani, ndo unapasuka. Na kutoka hewa ya ziwani kule Kigoma kuja ukavu wa Tabora wa Agosti ni mbaya zaidi, unyevu unatoka kwa kasi. Gogo nene linataka mwaka na zaidi kivulini, ncha zake mbili umezipaka nta au rangi nzito maana maji hutoka zaidi kupitia kule kwenye ncha. Kama huna muda huo, nenda kwa mafundi seremala ununue vipande vya mninga vilivyobaki, vingi vimeshakauka na vimetoka kwenye mbao zenye kibali, hutagombana na watu wa misitu. Kinyago kinene kichokoe ndani kwa chini, kikibaki na ukuta mwembamba hatari ya kupasuka inapungua.

Kumalizia sisi Tabora tuna bahati ya nyuki. Nta ya nyuki iyeyushe kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke kwenye moto moja kwa moja, inashika moto. Itoe mbali na jiko ndio uchanganye tapentaini kidogo, paka kwa kitambaa, acha mpaka kesho, sugua. Inang'aa kwa upole na mistari ya mti inaonekana, kuliko vanishi ya kumwaga ambayo mwanga ukipiga jaji haoni kitu. Chini ya kinyago bandika kitambaa kisikwaruze meza, na kisimame chenyewe bila kuegemea.

Picha ya simu na fomu

Waandaaji wakitaka picha kwanza, toa kazi nje kivulini asubuhi, isiwe juani, simu ikae sawasawa na katikati ya picha isiinamie upande, zima flashi, kata ukuta na vidole vyote vionekanavyo. Kazi yenye kioo ipige kabla hujaweka kioo. Ukituma WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na rangi zinakufa.

Bei watu wanaikisia kwenye fomu na baadae wanalia. Fanya hivi: vifaa 35,000, fremu 25,000, siku sita za kazi kwa 20,000 kila siku ni 120,000, jumla 180,000. Kama banda linakata asilimia 20 ya mauzo, usiongeze asilimia 20 juu ya 180,000, hapo utaandika 216,000 na mkononi utapata 172,800. Gawa 180,000 kwa 0.8, andika 225,000. Kama hutaki kuuza andika haiuzwi, lakini thamani yake bado iandike kwa ajili ya likitokea la kutokea. Na soma wanasema nini kuhusu uharibifu na wizi, wengi wanaandika kwamba hawahusiki, uamue mwenyewe kama utaacha kazi yako kubwa kuliko zote.

Kusafirisha

Picha mbili zitazamanishe uso kwa uso, katikati kadibodi safi, pembe nne zivalishe kadibodi iliyokunjwa, zungushia shuka ndio ufunge na salfeti kwa nje. Plastiki isiguse akriliki, joto la kwenye basi linailainisha inashikana. Kioo kibandike maskintepu alama ya msalaba, kikipasuka vipande vibaki mahali pake. Kwenye basi usikubali ilazwe kwenye buti chini ya magunia ya mchele, ongea na konda mapema, lipia hata kama ni siti, isimame wima. Treni ya Kigoma ni nzuri kwa mizigo dhaifu maana haina matuta, ila panga uwasili siku moja kabla.

Mezani fika na fomu yako iliyojazwa, nakala yake, kitambulisho, biro, bisibisi, waya wa akiba na kitambaa cha kufutia vumbi. Mpokeaji akikagua simama hapo, usiondoke mpaka umeona namba imebandikwa kwenye kazi na namba hiyohiyo ipo kwenye risiti yako. Piga picha zote mbili, na kazi ilivyo mbele na nyuma siku hiyo.

Matokeo na kuchukua kazi

Majaji wakipita usimfuate jaji umweleze picha yako inamaanisha nini. Baada ya matokeo ndo wakati wake, ushinde usishinde, nenda kwa heshima umwombe karatasi ya maoni au dakika tano za kukueleza, uandike maneno yake kama alivyoyasema. Wengi wanafurahi kuulizwa. Kazi zilizoshinda kundi lako ziangalie kwa karibu, geuza jicho kwenye fremu na kingo zake pia.

Mteja akiipenda kazi yako katikati ya maonesho, pokea hela, apewe risiti, ila kazi ibaki ukutani mpaka siku ya kufunga, wengi wanakuondoa kwenye mashindano ukiitoa mapema. Siku ya kuchukua uje kweli siku hiyo na saa zile walizosema, mabanda yanabomolewa haraka na kazi isiyochukuliwa inarundikwa na viti. Ikague hapohapo mbele ya mpokeaji ukilinganisha na zile picha ulizopiga, kama kuna kovu liandikwe kwenye fomu wote mkiwa mmesimama, ndio usaini.